Wizi saiti: tunaweka walinzi usiku, mali inatoka saa nne asubuhi

#1 Jamvi_Langu
Wakuu salama?

Najenga nyumba ya kuishi, kwa sasa nimefika kwenye kuta. Kabla sijaanza kila mtu alinipa wimbo uleule: weka uzio, weka mlinzi, weka taa. Vyote nimeweka. Kofuli la stoo halijawahi kuguswa, uzio haujang'olewa hata bati moja, na mlinzi halali, maana nimemshtukiza usiku zaidi ya mara moja nikamkuta macho makavu.

Lakini hesabu inagoma. Chumba cha mita 4 kwa 5, jamvi (sakafu ya zege) la unene wa sentimita 10, foromani anasema imeingia mifuko 18 ya saruji. Zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) linakula kama mifuko 6 na nusu ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo. Chumba hicho ni mita 2 za ujazo, yaani mifuko 13. Mitano imekwenda wapi?

Hoja yangu ni hii, nipingeni: saiti za watu binafsi haziibiwi usiku. Zinaibiwa saa nne asubuhi, geti liko wazi, watu wako kazini, na hakuna anayekimbia. Hela tunayomwaga kwenye makofuli inamzuia mwizi ambaye hata hakuwa na mpango wa kuja. Ninyi mnalindaje mali mchana?

#2 Msomaji_Kimya
Naweka kambi. Ila kabla hatujaenda mbali, naomba iwe marufuku kwenye uzi huu mtu kuja na "kikulacho ki nguoni mwako".

#3 Mwashi_Mstaafu
Mkuu Jamvi_Langu, hiyo sentimita 10 uliipima wapi? Pembeni kwenye ubao wa fomu, au katikati ya chumba?

Nauliza kwa sababu kifusi kisiposhindiliwa vizuri kinazama katikati, na zege linafuata shimo. Wastani ukiwa sentimita 12 badala ya 10, hapo huna mita 2 tena, una mita 2.4. Zidisha kwa mifuko yako 6 na nusu unapata 15 na ushee. Ongeza upotevu wa kawaida wa asilimia 5, umefika 16. Mifuko yako mitano imebaki miwili. Na hiyo miwili nayo sisemi imeibwa, inawezekana kuna toroli lilimwagwa likaachwa.

Kabla ya kumwita mtu mwizi, toboa kwa drili sehemu nne tano za jamvi, ingiza waya, pima kina. Ni kazi ya nusu saa.

#4 Kokoto_Nne
Mzee kaja na drili mapema hivi jamani, hata uzi haujapoa.

#5 Jamvi_Langu
Mwashi_Mstaafu, shukrani, hapo nimekupata. Nilipima pembeni. Nitatoboa. Lakini hata ikibaki miwili kwa chumba kimoja, nyumba ina vyumba vingapi?

#6 Dada_Stoo
Nimeshika stoo za ujenzi kwa miaka mingi, naomba niseme jinsi saruji inavyotoka mchana, kwa sababu wengi mnawaza mtu kabeba mfuko begani.

Hakuna anayebeba mfuko. Mfuko unapelekwa kwenye mchanganyiko kihalali kabisa, unachanwa mbele ya watu. Robo tatu inamwagwa kwenye mchanga. Iliyobaki inakaa chini ya mfuko, mfuko unakunjwa, unatupwa kwenye rundo la mifuko mitupu. Jioni saidia fundi anaokota "takataka" akawashie moto nyumbani. Mifuko minne mitano ya namna hiyo ni mfuko mzima, na foromani hakuona kitu.

Njia ya pili: kiroba cha saruji kinafukiwa pembeni ya lundo la mchanga, upande ulio karibu na uzio. Usiku anakuja mtu mwingine kabisa kukichukua. Mlinzi akimwona atasema ni mwizi wa nje, na kwenye taarifa itaandikwa wizi wa usiku. Kwa hiyo Jamvi_Langu, huo mgawanyo wako wa usiku na mchana haukai sawa. Mara nyingi ni wizi mmoja wenye zamu mbili.

#7 Ngazi_Ndefu
Sisi tuna utaratibu: huletewi mfuko mpya mpaka urudishe mtupu. Umetusaidia sana.

#8 Dada_Stoo
Ngazi_Ndefu, huo utaratibu unadumu wiki mbili kaka. Baada ya hapo mifuko mitupu inaletwa kutoka saiti ya jirani. Kila mfuko unapopokelewa, pigia mstari wa rangi ya kupulizia, na rangi ubadilishe kila mzigo unapoingia. Na mtupu ukirudi, ukung'ute mwenyewe. Usiuhesabu umekunjwa.

#9 Saidia_Fundi
Nimesoma mpaka hapa nimekaa kimya, sasa niongee. Mnatuandika kama panya.

Kibarua analipwa Jumamosi. Jumamosi inafika, tajiri hapokei simu. Jumatatu anakuja na gari, anauliza kwa nini ukuta haujafika lenta (boriti ya juu ya milango na madirisha). Wiki inayofuata analipa nusu. Sasa mtu huyo ana njaa, na mbele yake kuna mali imelala haina jina. Sisemi ni halali. Nasema ukitaka kujua saiti ipi itaibiwa, usiangalie uzio, angalia daftari la malipo.

Kuna saiti nimefanya kazi stoo haikuwa na mlango, ilikuwa turubai tu, na haukupotea hata msumari. Tajiri alikuwa analipa siku hiyohiyo, saa kumi na moja jioni, kila mtu mkononi.

#10 Kokoto_Nne
Nakazia #9. Ila kaka, na wale wanaolipwa vizuri na bado wanabeba?

#11 Saidia_Fundi
Hao ni wezi. Kila kazi ina wezi wake, hata za ofisini.

#12 Nondo_Kumi
Wote mnatafuta mwizi ndani ya geti. Mimi nasema mali nyingi "iliyoibwa" haikuwahi kufika.

Chukueni nondo ya milimita 12, urefu mita 12. Uzito wake unatakiwa uwe kama kilo 10.7. Kanuni ni rahisi: kipenyo kizidishe kwa chenyewe, gawa kwa 162, unapata kilo kwa mita. Sasa ikija nondo imeandikwa 12 lakini halisi ni 11, uzito ni karibu kilo 9. Umepoteza kilo 1.7 kwa kila nondo. Ukinunua 50 umekosa kilo 85 za chuma, ambazo ni kama nondo nane nzima. Hakuna mlinzi duniani atakayezikamata, kwa sababu zilibaki huko kwa muuzaji. Na siyo hela tu, mhandisi aliipigia hesabu nguzo yako kwa 12.

Mzigo ukifika, pima urefu, kisha weka moja kwenye mizani kabla hujasaini.

#13 Vipimo_Kwanza
Nondo_Kumi uko sahihi kwa sehemu kubwa, ila nyongeza mbili. Nondo haipimwi kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) juu ya matuta yake, utapata namba inayokudanganya. Uzito ndio unaosema kweli, hapo nakuunga mkono. Pili, usipime moja. Viwango vyenyewe vinaruhusu tofauti kidogo; BS 4449 ya Uingereza kwa nondo zinazozidi milimita 8 inaruhusu asilimia 4.5 juu au chini. Kwa hiyo ya 12 yenye kilo 10.3 bado ni halali. Pima kumi kwa pamoja, gawanya. Ikija kilo 9, hapo una kesi.

#14 Nondo_Kumi
Sawa mkuu, kumi. Mizani ya kubeba nondo kumi utaikuta saiti gani, hilo nalo tulijadili.

#15 Vipimo_Kwanza
Kata kipande cha mita moja kutoka kila nondo ya kumi, vipime kwenye mizani ndogo. Vipande si hasara, utavitumia kwenye ringi za kufungia nondo.

#16 Tripu_Moja
Na mchanga je? Huko ndiko kwenye msiba. Nimewahi kusaini tripu huku nikiwa ndani nazungumza na fundi bomba. Dereva ananiletea karatasi, nasaini, gari linaondoka. Kesho yake fundi ananiambia lundo ni dogo.

#17 Mwashi_Mstaafu
Panda juu ya gari kabla halijamwaga. Pima bodi kwa futi: urefu, upana, kina cha mchanga wenyewe na siyo kina cha bodi. Likishamwaga hakuna ushahidi tena.

Na mchanga wenye unyevu kiasi unafura. Ujazo unaweza kupanda kwa robo na zaidi, hasa ukiwa laini. Ukikauka lundo linashuka na wewe unaanza kumtazama mlinzi kwa jicho la pembeni. Ukitaka kujua, jaza mchanga huo kwenye ndoo mpaka nusu, sawazisha, mwagia maji mpaka uzame wote, uone unavyoshuka. Ndiyo maana mwanzoni nikasema tusikimbilie wizi. Hesabu ya saiti ina mashimo mengi ambayo hayana mwizi.

#18 Koili_Nyekundu
Mimi ni fundi umeme, nampinga mleta uzi moja kwa moja. Wizi wa usiku upo, na ni mbaya kuliko wa saruji.

Saruji wanachukua kidogo kidogo. Waya wanakomba nyumba nzima kwa usiku mmoja. Wanakuja ukishavuta waya kwenye mabomba na kabla milango na madirisha hayajafungwa. Wanafungua boksi za swichi, wanashika ncha, wanavuta. Pale ambapo waya umekwama wanapasua plasta kwa nyundo. Kesho yake unakuta mstari umechimbwa ukutani kuanzia boksi mpaka dari, na nje kuna jivu jeusi walipochoma plastiki ili wabaki na shaba. Waya wenyewe ulikuwa sehemu ndogo ya hasara. Kubwa ilikuwa kuta, plasta na rangi.

Ushauri wa kitaalamu: fukia mabomba na boksi mapema, lakini waya usivute mpaka nyumba ifungike kwa kitasa. Mwenye nyumba akikuharakisha mkatalie. Na kabla ya kuvuta, angalia ganda la kebo; aina nyingi zina namba za mita zimechapwa kila mita. Andika namba ya mwanzo na ya mwisho ya kila kipande. Hapo hata mimi fundi siwezi kukuibia.

#19 Msomaji_Kimya
"Hata mimi fundi siwezi kukuibia." Asante kwa uwazi kaka.

#20 Koili_Nyekundu
😂 Nimesema siwezi, sijasema sitaki.

#21 Jamvi_Langu
Koili_Nyekundu nimekusoma, na kwenye shaba nakubali. Ila jiulize: huyo wa usiku alijuaje kwamba waya zilivutwa jana? Hakupita akichungulia. Kuna mtu wa mchana alimwambia. Turudi palepale kwenye zamu mbili za Dada_Stoo.

#22 Koili_Nyekundu
Au aliona gari langu lenye ngazi juu limepaki nje wiki nzima. Huhitaji jasusi mkuu.

#23 Darasa_la_Jioni
Wakuu, hili linaelezwa vizuri na nadharia ya Cohen na Felson ya mwaka 1979. Walisema uhalifu unatokea pale vitu vitatu vinapokutana mahali pamoja kwa wakati mmoja: mtu mwenye nia, kitu kinachofaa kuibwa, na kukosekana kwa mlinzi anayeweza. Ukiondoa kimoja, hakuna tukio. Nyinyi mnabishana nani mwenye nia. Nia huwezi kuiondoa. Punguza kitu cha kuibwa na uongeze macho.

Baadaye Ronald Clarke, 1999, akaeleza vitu gani vinapendwa na wezi: vinavyofichika, vinavyobebeka, vilivyo karibu, vyenye thamani, vinavyotamanika, na vinavyouzika haraka. Pitisha stoo yako kwenye orodha hiyo. Kokoto hapana. Grenda na drili ndiyo. Shaba ndiyo. Tofali hapana, mpaka jirani naye awe anajenga.

#24 Kokoto_Nne
Msomi kaingia, simameni. Na nashukuru mmenithibitishia kwamba mimi Kokoto siibiki.

#25 Ngazi_Ndefu
Hiyo ya "punguza kitu cha kuibwa" ndiyo jibu la uzi huu, sijui kwa nini mnazunguka. Usilete mali kabla ya kazi yake. Mabati yanaletwa kenchi (fremu za mbao za paa) zikiwa tayari zimesimama. Vyoo na mabomba ya kuogea yanaletwa fundi akiwa amekaa anasubiri. Saruji lete ya wiki, siyo ya nyumba. Hata hivyo saruji haipendi kukaa. Ikipita miezi mitatu stoo nguvu yake imeshapungua, na stoo yenyewe ikiwa na unyevu ni mbaya zaidi.

#26 Tripu_Moja
Ngazi_Ndefu, hiyo ni rahisi kwa mwenye gari na muda. Mimi nanunua nikipata hela. Nikisubiri mpaka kazi ifike, hela imeshakwenda kwenye mambo mengine na bei nayo imeshapanda. Kwangu mali ndiyo benki.

#27 Ngazi_Ndefu
Nunua, lipia, iache kwa muuzaji. Chukua risiti yenye idadi, aina na vipimo, uichukue kwa awamu.

#28 Nondo_Kumi
Muuzaji huyohuyo wa nondo za 11? Sawa.

#29 Mbali_na_Saiti
Habari zenu. Kuna kundi mmelisahau, sisi tunaojenga tukiwa mbali, kwa simu. Kwetu stoo ni picha.

Nilikuwa naletewa picha ya mifuko kila Jumatatu. Ilinichukua muda kugundua kwamba ni lundo moja, limepigwa mbele, ubavuni na kwa juu. Kilichoniamsha ni mfuko mmoja wenye kona iliyochanika. Kila picha ulikuwemo, safu ya tatu kutoka chini. Saruji inatumika wiki tatu, lakini safu ya chini haisogei?

Siku hizi sitaki picha. Nataka video isiyokatwa, inaanzia getini, inaingia stoo, inazunguka lundo, mtu akihesabu kwa sauti, inamalizikia kwenye kazi iliyofanyika siku hiyo. Na namwambia ghafla aweke kitu fulani juu ya lundo: leo koleo, kesho kofia yake.

#30 Kokoto_Nne
Kofia 😂😂 fundi anasema tajiri amechanganyikiwa.

#31 Mbali_na_Saiti
Aseme. Kofia inakaa juu ya lundo.

#32 Taa_ya_Sensa
Mbona hakuna aliyegusa kamera? Kamera ya laini ya simu na sola, unaona kila kitu ukiwa popote.

#33 Mbali_na_Saiti
Nilikuwa nayo. Usiku kucha simu inalia: "mwendo umegunduliwa". Naamka, natazama: turubai la kufunikia mbao linapigwa na upepo. Tena. Tena. Nikazima arifa. Baada ya hapo ndipo mbao zikaondoka. Turubai walikuwa wameliacha.

#34 Taa_ya_Sensa
Hapo kosa si la kamera dada, ni la kuilenga. Programu nyingi zinakuruhusu kuchora eneo la kuangaliwa tu. Chora geti na mlango wa stoo, turubai liache nje. Ifunge juu, mtu asiifikie bila ngazi. Na picha ziende mtandaoni hapohapo, zisikae kwenye kadi ndani ya kamera. Wakiondoka na kamera yenye kadi, umewapa na ushahidi waende nao.

#35 Dada_Stoo
Na ngazi yenyewe ifungwe mnyororo. Unaweka kamera juu halafu ngazi umeegemeza ukutani usiku kucha.

#36 Boma_la_Pili
Jambo jingine ni uzio wa mabati. Kila mtu anausifu. Mwizi akishauruka, yuko ofisini kwake. Hakuna jirani anayemwona, anafanya kazi kwa utulivu mpaka asubuhi. Uzio wangu wa sasa ni wa wavu, stoo iko katikati ya kiwanja, mlango unatazama barabarani. Kila anayepita anaona mlango. Siweki lundo lolote karibu na uzio, maana lundo la mchanga ni ngazi ya bure.

#37 Jamvi_Langu
Wavu unamwonyesha kila mpita njia ulichonacho. Kwa mabati angalau hajui kama ndani kuna mashine ya zege au majani.

#38 Boma_la_Pili
Anajua. Mashine ya zege inasikika mtaa mzima.

#39 Darasa_la_Jioni
Wote wawili mko sahihi. Wavu unafaa penye macho: majirani wanaishi, njia ina watu. Kiwanja kikiwa peke yake, wavu ni dirisha la duka.

#40 Shemeji_Mlinzi
Kuhusu walinzi: mnajadili mitambo, ila saiti nyingi nilizoziona mlinzi ni ndugu wa mwenye nyumba. Mimi ni mmoja wao, jina linajieleza. Nitawaambia tatizo lake. Ndugu hawezi kukaguliwa. Dada yangu angekuja kunihesabia mifuko, lingekuwa jambo la ukoo.

#41 Msomaji_Kimya
Kwa hiyo ulikuwa hukaguliwi, na…?

#42 Shemeji_Mlinzi
Na uzi unahusu ujenzi, tuendelee.

#43 Dada_Stoo
😂 Nitasema kanuni moja tu. Anayenunua asiwe anayepokea. Anayepokea asiwe anayetoa kwa mafundi. Mwenye ufunguo wa stoo asiwe anayelala saiti. Kwa nyumba ndogo huna watu wanne, najua, lakini hata wawili wanatosha kama hawapatani sana. Wakianza kula pamoja, badilisha mmoja.

#44 Saidia_Fundi
Kwa hiyo tajiri atufarakanishe ili mifuko isipotee. Haya.

#45 Mkataba_Mzima
Mimi nilishatoka kwenye hizi habari. Nilimpa mjenzi mkataba wa kazi na vifaa vyote. Saruji ikiibwa ni yake. Nalipa kwa hatua: msingi umekamilika nalipa, lenta imefika nalipa. Nalala usingizi.

#46 Vipimo_Kwanza
Unalala, lakini wizi umehama tu. Badala ya mfuko kutoka getini, hauingii kabisa kwenye mchanganyiko. Mkataba uliosema 1:2:4 unakuwa 1:3:6, na kwa macho zege ni zege. Kwenye mkataba wa namna yako lazima upime zege lenyewe: chukua sampuli za mchemraba siku ya kumwaga, zivunjwe maabara siku ya 7 na ya 28. Kwa saruji ya kawaida, nguvu ya siku 7 inatakiwa iwe kama theluthi mbili ya ile ya 28. Ikiwa chini sana usisubiri, simamisha kazi.

Hili hata walio na stoo zao liwahusu. Ile robo aliyosema Dada_Stoo kwenye #6 haikupotea kwenye daftari peke yake. Ilipotea kwenye nguzo yako.

#47 Mkataba_Mzima
Sampuli nachukua. Ila umenikosesha huo usingizi.

#48 Bima_Kidogo
Kwa wanaowaza bima: someni masharti kabla hamjalipa. Bima nyingi za ujenzi zinafidia wizi wenye dalili za kuvunja, kofuli limekatwa, mlango umepasuliwa, na taarifa ya polisi. Upungufu unaogundulika kwa kuhesabu tu, kama ule wa Jamvi_Langu, mara nyingi umetengwa kwa maandishi. Na kampuni nyingi za bima zinataka orodha ya vifaa yenye namba za utengenezaji. Leo hii pigeni picha kibati cha namba kwenye kila jenereta, pampu na grenda. Ikipatikana kwa mnunuzi wa vyuma chakavu utasemaje ni yako?

#49 Boma_la_Pili
Nyongeza: toboa au chora jina kwenye chuma, siyo kwenye plastiki. Na paka rangi ya ajabu. Toroli langu ni la waridi. Linachekwa, lakini halijaondoka.

#50 Taa_ya_Sensa
Uingereza walishapitisha sheria mwaka 2023, kila kifaa cha ujenzi lazima kiwe na alama maalum na kizuizi cha kuwasha. Sisi tunapaka waridi.

#51 Darasa_la_Jioni
Siyo kila kifaa mkuu. Sheria hiyo ya 2023 ililenga kwanza pikipiki za magurudumu manne za mashambani: ziuzwe zikiwa na kizuizi cha kuwasha, alama na usajili. Ndani yake kuna mlango wa kuiongezea vifaa vingine kwa kanuni. Kusema kila kifaa ni kupitiliza.

#52 Nondo_Kumi
Kuhusu mitambo, wanaokodi ya kuchimbia msingi wajue kwamba mashine nyingi za mtengenezaji mmoja zinawashwa na ufunguo wa aina moja. Kuondoka na ufunguo mfukoni hakutoshi. Mwambieni mwenye mtambo akate umeme wa betri kwa swichi yenye kufuli, na aegeshe kubwa mbele ya ndogo.

#53 Jamvi_Langu
Wakuu, nimetoboa jamvi kama alivyoagiza Mwashi_Mstaafu. Pembeni 10, katikati 12 na nusu, karibu na mlango 11.

#54 Mwashi_Mstaafu
Umeona.

#55 Jamvi_Langu
Nimeona, ila bado kuna mifuko kama mitatu sijaipata. Na nimekung'uta mifuko mitupu. Kuna yenye saruji ya kujaa kopo, kuna iliyo safi kabisa.

#56 Dada_Stoo
Kopo siyo wizi, kopo ni uvivu wa kukung'uta. Tafuta yenye ndoo.

#57 Saidia_Fundi
Na uliza walilipwa lini.

#58 Tripu_Moja
Jamani kabla uzi haujafungwa, nisaidieni. Nina mashine ndogo ya kuchanganyia zege, haiingii stoo. Naifungaje?

#59 Boma_la_Pili
Zika pingili ya nondo ya 16 kwenye zege, iwe na umbo la U, miguu yake iwe imekunjwa chini. Mnyororo mnene upite hapo na kwenye chasisi. Usiupitishe kwenye gurudumu, gurudumu linafunguliwa kwa spana. Kama ni ya umeme, mota ing'oe jioni uiweke stoo, wengi wanataka mota tu.

#60 Tripu_Moja
Shukrani mkuu. Sasa spana za kung'olea mota nazo ziliondoka wiki iliyopita.

#61 Kokoto_Nne
Azima kwa Shemeji_Mlinzi.